Mwenye nyumba hataki kushusha bei: nimwambieje?

Swali la msomaji: "Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Dar es Salaam. Ninauza nyumba ya vyumba vinne iliyoko Goba, mali ya mzee mstaafu na mke wake wanaotaka kurudi kwao Tanga. Tuliitangaza kwa milioni 280 kwa sababu ndiyo bei aliyoitaka mzee, nami niliikubali nikiogopa kazi isije ikaenda kwa mwingine. Sasa ni mwezi wa nane. Mnunuzi mmoja alifika milioni 190, mwingine 200, wengine wanatazama tu na kuondoka. Nikigusia suala la bei mzee hujibu kwamba kizuri chajiuza, na mtoto wao aliyeko Uingereza anasema nyumba haitoki chini ya milioni 300. Nimwambieje bila kumvunjia heshima na bila kuipoteza kazi? Na je, nikipunguza asilimia yangu itasaidia kumshawishi?"

Jibu:

Ndugu yangu, jibu la moja kwa moja ni kwamba hutaipata sentensi ya kumfanya mzee ashushe bei, na kadiri unavyoitafuta ndivyo anavyozidi kukuona upande wa wanunuzi. Mwenye nyumba hushusha bei pale anapoona mwenyewe, kwa macho yake na kwa hesabu yake, kwamba bei aliyoishika haimfikishi anakokwenda. Kazi yako ni kumwandalia vya kuona, kuvipanga kwa utaratibu unaomheshimu, kisha kumwachia nafasi ya kuamua. Lakini kabla hujamkabili yeye, kuna mambo unayopaswa kuyakagua upande wako, kwa sababu si kila nyumba iliyokaa miezi minane imekwamishwa na bei ya mwenye nyumba.

La kwanza ni cha juu. Unaijua biashara yetu: nyumba moja hupita kwa madalali watano, kila mmoja anaweka chake juu ya bei ya mwenye mali, na mwishoni picha ileile ya sebule inazunguka mtandaoni kwa milioni 280, 295, 310 na 320. Mnunuzi anayetafuta nyumba Goba ameshaziona zote hizo. Anachokisoma pale si kwamba kuna madalali wengi, bali kwamba mali hii haina bei, au ina mgogoro ambao kila mtu anajaribu kumtupia mwenzake. Keti utafute matangazo yote ya nyumba hiyo, uandike kila bei na namba ya aliyeitangaza, kisha umweleze mzee hali hiyo bila kuficha lolote, hata kama wewe ndiye uliyewapa wenzako picha. Mwombe mkataba wa maandishi unaokupa wewe peke yako uuzaji kwa muda maalumu, tuseme siku 90, ili bei iwe moja kila mahali. Inawezekana kabisa kwamba bei ambayo wanunuzi wamekuwa wakiikimbia ni milioni 310, na kwamba kuondoa cha juu ni punguzo kubwa ambalo halimgharimu mzee hata shilingi.

La pili ni karatasi. Mnunuzi wa Dar es Salaam amejifunza kwa uchungu. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, iliwafundisha watu kwamba nyumba nzuri yenye umeme na maji inaweza kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na tangu hapo mnunuzi makini haulizi tu vyumba vingapi. Anauliza hati, anauliza ramani ya upimaji, anauliza mipaka. Kama mzee ana hatimiliki, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati na uwe na majibu mkononi. Kama kodi ya pango la ardhi ina malimbikizo, yajulikane na yalipwe. Kama kiwanja bado kipo kwenye barua ya toleo, yaani ofa ambayo hati yake haijatoka, au kina karatasi za serikali ya mtaa pekee, basi lile dau la milioni 200 huenda halikuwa tusi, bali ni bei ya nyumba pamoja na hofu ya mnunuzi. Katika hali hiyo ni busara zaidi kumshauri mzee amalizie umilikishaji kuliko kumwomba ashushe milioni 30. Vivyo hivyo kwa njia ya kuingilia, maana Goba ni ya vilima na makorongo, na mnunuzi aliyekuja kipindi cha masika akaacha gari barabarani na kutembea kwenye tope hadi getini hatarudi, hata bei iwe ipi. Kifusi cha kokoto kwenye kona mbaya kinaweza kufanya kazi ambayo maneno hayawezi.

Ukishajiridhisha kwamba karatasi ziko sawa, njia inapitika, tangazo ni moja na picha zinaeleweka, na bado madau yanaishia 190 na 200, hapo sasa una haki ya kusema kwamba tatizo ni bei.

Jiulize pia bei hiyo ilitoka wapi. Katika uzoefu wangu, wenye nyumba huchanganya namba tatu ambazo hazifanani. Ya kwanza ni jumla ya fedha zilizoingia kwenye ujenzi. Ya pili ni thamani iliyoandikwa kwenye ripoti ya uthamini, mara nyingi ripoti ya zamani iliyofanywa kwa ajili ya mkopo wa benki, na ndani yake huwa na takwimu zaidi ya moja: thamani ya soko, gharama ya kujenga upya kwa ajili ya bima, na thamani ya kuuza kwa shurti endapo mkopaji atashindwa kulipa. Mwenye nyumba hukumbuka ile kubwa kuliko zote. Ya tatu ni bei aliyoisikia kwa jirani, na jirani huwa anataja bei aliyoiomba, si aliyoipokea. Muulize mzee kwa upole, "Hii 280 tuliipataje, baba?" kisha usikilize hadi mwisho. Usimkatize hata pale unapoona kosa, kwa sababu unachokisikia wakati huo ndicho utakachohitaji kukijibu baadaye.

Namba ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote, na hapa naomba tukae kidogo. Mzee wako hakununua nyumba, aliijenga. Alinunua kiwanja wakati Goba ni mashamba, akafyatua tofali kidogo kidogo, akasimamisha ukuta mwaka mmoja, akaezeka miaka miwili baadaye mkopo wa kazini ulipotoka, akaweka vigae kwa kiinua mgongo. Katikati ya safari hiyo kuna saruji iliyoibwa, fundi aliyepiga lipu vibaya ikabomolewa, na choo kilichohamishwa baada ya ramani kubadilishwa. Yote hayo alilipia, na yote yamo kwenye 280 yake. Soko hulipa nyumba iliyosimama leo. Halilipi njia iliyopitwa kuisimamisha. Ukimwambia mzee kwamba nyumba yake ni ya milioni 210, yeye anasikia kwamba ile milioni 70, na miaka iliyokuwa ndani yake, vilikuwa bure. Ndiyo maana anakasirika, na hasira hiyo si ukaidi wala tamaa.

Hali hii si ya wazee wa Goba peke yao. Wachumi David Genesove na Christopher Mayer, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2001, walifuatilia mauzo ya nyumba za ghorofani katikati ya Boston, Marekani, miaka ya 1990, baada ya bei za huko kuanguka. Wamiliki waliokabiliwa na hasara dhidi ya bei waliyonunulia waliomba bei za juu kuliko wenzao wenye nyumba za aina hiyohiyo. Ziada waliyoiweka ilikuwa kati ya asilimia 25 na 35 ya pengo lililokuwapo baina ya bei waliyonunulia na bei ambayo soko lingetoa. Waliambulia sehemu ndogo ya ziada hiyo, na nyumba zao zilikaa sokoni muda mrefu zaidi. Wewe na mimi tukiwa na nyumba tuliyoijenga kwa mikono yetu tungefanya vilevile. Nakutajia utafiti huu ili uende kwa mzee ukiwa na subira, si ili ukamsomee.

Na wewe pia hujasalimika na mtego wa namba. Mwaka 1987 watafiti Gregory Northcraft na Margaret Neale walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Tucson, Arizona, ambako mawakala wa nyumba wenye uzoefu walipelekwa kuikagua nyumba ileile, lakini wakapewa karatasi zenye bei tofauti za kuombwa. Waliopewa bei kubwa waliithamini nyumba juu zaidi, na wengi wao walikana kwamba bei ile iliwagusa. Umeishi na 280 kwa miezi minane. Kabla hujampa mzee namba yoyote, mtafute mtu asiyejua bei mnayoiomba, na ikiwezekana awe mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na mwezi mmoja wa kusubiri, na neno lake lina uzito ambao la dalali, kusema kweli, halina, kwa kuwa kila mwenye nyumba anajua kwamba dalali hula pale tu nyumba inapouzwa.

Pamoja na ripoti hiyo tafuta mauzo yaliyokamilika: nyumba tatu au nne za Goba, Madale au Salasala, za ukubwa unaokaribiana, zilizouzwa karibuni, pamoja na bei ambayo fedha zilitoka kweli. Bei za namna hiyo hazibandikwi ukutani, lakini mawakili wanaoandika mikataba ya mauzo, wathamini, na madalali wenzako unaoaminiana nao wanazijua, na wanaweza kukupa bila kutaja majina ya wahusika. Matangazo ya mtandaoni yaache, kwani bei zake ni za kuombwa, si zilizolipwa.

Sasa mazungumzo yenyewe. Yasifanyike kwa simu, wala kwa ujumbe, wala getini baada ya mteja kuondoka amenuna. Omba siku, na uombe mama awepo. Hili si la adabu tu. Nyumba ya familia haiuzwi kwa ridhaa ya mmoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamlinda mwenzi, na hakuna wakili makini atakayepitisha mauzo bila saini ya mama. Zaidi ya hapo, mama ndiye mara nyingi anayejua safari ya Tanga imekwama kwa kiasi gani, na maswali yake yatafanya kazi ambayo wewe huwezi kuifanya.

Nenda na daftari. Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kuuza nyumba msemo huo una maana yake halisi. Kama hukuwa ukiandika, kaa leo upige simu kwa kila mtu aliyewahi kuiona nyumba, umuulize kwa ustaarabu kwa nini hakuendelea, na uandike jibu lake kama alivyolisema. Usiongeze, usipunguze. Kurasa zitasomeka takriban hivi: mume na mke, walikagua presha ya maji na chumba cha masta, wakauliza hati, wakasema kwa fedha hiyo wameona nyumba Madale yenye banda la uani; mfanyabiashara wa Kariakoo, alipenda jiko na baraza, alifika milioni 190; mama mmoja na mwanawe, hawakuingia ndani baada ya kusikia bei; mtumishi wa benki, alifika 200, sasa ameshanunua Salasala.

Ukifika, salamu zichukue muda wake. Kisha sema, "Mzee, leo sikuja na mteja. Nimekuja na daftari la watu waliokuja kuiona nyumba, naomba ulisome wewe na mama." Mpe mkononi. Usimsomee. Mwache avae miwani yake, afunue kurasa taratibu, mama asogeze kiti atazame pamoja naye. Atasimama kwenye lile jina la aliyenunua Salasala. Atauliza, "Huyu si ndiye yule aliyesifia madirisha?" Jibu, "Ndiye, baba," na unyamaze tena. Ugumu wa kazi hii uko hapa, maana dalali amezoea kuongea, na kimya kikizidi anataka kukijaza. Usikijaze. Mzee akisoma kwamba watu waliisifia nyumba yake, jikoni na barazani, kisha wakapeleka fedha zao kwingine, atakuwa ameyasikia mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba kazi yake imeonekana, na kwamba bei imewarudisha. Mara nyingi swali hutoka kwake: "Sasa kijana wangu, wewe unasemaje?" Hapo ndipo unapotoa ripoti ya mthamini na bei za nyumba zilizouzwa, kwa sababu umeulizwa.

Na useme ukweli kuhusu sehemu yako. "Mzee, bei ya 280 tuliianza pamoja. Niliikubali kwa sababu nilitaka kazi yako, na sikukuambia nilichokuwa nakijua. Leo nakuambia." Maneno haya ni magumu, lakini yanampunguzia mzee aibu, kwa kuwa kosa halibaki lake peke yake, na mtu asiyeaibishwa hubadili mawazo kwa urahisi zaidi.

Akikujibu tena kwamba kizuri chajiuza, usibishane na methali. Mwalike mkaone nyumba mbili zinazouzwa maeneo ya jirani, yeye akiwa kama mnunuzi mwenye milioni 280. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Mtu aliyekuwa akiitetea rangi ya ukuta wake jana, leo akiingia kwa mwenzake atagonga vigae kwa kisigino kusikia kama viko wazi chini, atafungua bomba la jikoni, atauliza mchwa, ataona jiko dogo, na akitajiwa bei atasema, "Hawa watu wanataka hela." Njiani kurudi hakuna haja ya kumkumbusha kwamba naye anauza.

Baada ya hapo fanyeni hesabu, na hesabu ianze na anachokihitaji yeye, si na bei. Anataka kujenga Tanga au kununua? Ada ya mjukuu? Biashara ndogo ya mama? Andikeni jumla yake. Kisha andikeni fedha itakayobaki mkononi kwa kila bei. Tuseme nyumba imeuzwa milioni 210. Ukitoa asilimia 5 yako, kama ndivyo mlivyopatana, ni milioni 10.5. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Kama risiti za kiwanja na ujenzi zinaonyesha gharama ya milioni 150, faida haizidi milioni 60 na kodi haizidi milioni 6. Zinabaki takriban milioni 193 au zaidi kidogo. Risiti zikikosekana mzigo unaweza kuwa mwingine, kwa hiyo waende ofisi ya TRA wakaulize kabla ya kusaini chochote. Wauzaji wengi hushikilia bei kubwa kwa sababu wanaogopa makato wasiyoyajua; yakishaandikwa, hofu hupungua.

Kisha hesabu ya kusubiri. Chukua kiwango ambacho benki yake au hati fungani za Serikali zingempa. Hapa natumia asilimia 10 kwa mwaka kama mfano. Milioni 210 kwa kiwango hicho huzaa milioni 21 kwa mwaka, yaani milioni 1.75 kwa mwezi, na kwa miezi minane iliyopita ni milioni 14. Ongeza mshahara wa mlinzi, LUKU, na rangi itakayohitaji kurudiwa. Na kama faida nayo ikiachwa izae, milioni 210 ya leo inakuwa 254 baada ya miaka miwili, na baada ya mitatu inakaribia milioni 280 yenyewe. Mzee anaweza kusema, kwa haki, kwamba nyumba nayo itapanda bei. Huenda ikapanda. Mwambie hivyo, na umwoneshe kwamba kwa miezi minane madau yamesimama palepale, na kwamba kila mwaka nyumba mpya zenye ramani za kisasa zinajengwa pembeni yake. Usimtabirie usilolijua.

Mtoto aliyeko Uingereza usimpite. Yeye hana saini kwenye hati, lakini ana sauti usiku anapopiga simu, na kila ulichokijenga mchana kinaweza kubomoka. Omba ruhusa kwa mzee uzungumze naye kwa video wote mkiwepo. Mara nyingi watoto walioko nje hulinganisha na matangazo wanayoyaona mtandaoni, au na bei zilizokuwa zikitajwa kwa dola. Shilingi ilipodhoofika mwaka 2023 na 2024, wauzaji waliofikiria kwa dola walipandisha bei za shilingi ilhali mnunuzi wao alikuwa mfanyakazi anayelipwa kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, na ni vizuri akalijua hilo pia. Mtumie daftari lilelile na ripoti ileile, kisha muulize kwa heshima kama yeye mwenyewe angekuwa tayari kuinunua kwa milioni 280, ibaki mikononi mwa familia na wazazi wapate fedha zao. Usiulize kwa kumkomesha. Liwe swali la kweli, kwa sababu wapo watoto waliojibu ndiyo, na hilo likawa suluhisho bora kuliko mnunuzi yeyote.

Kuhusu kiasi cha kushusha, shusha mara moja na kwa kiwango kinachobadilisha kundi la wanunuzi. Kutoka 280 hadi 270 hakuna mtu mpya anayekuja, kwa sababu aliyekuwa na 270 alishakuja kujaribu bahati yake. Wanunuzi hutafuta kwa mafungu: wa hadi 200, wa hadi 250, wa hadi 300. Riba ya mikopo ya nyumba nchini mwetu imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19, kwa hiyo wengi hununua kwa akiba, kwa mkopo wa mshahara au kwa fedha za kiwanja walichouza, na mtu wa namna hiyo akifika kikomo chake amefika. Kwa madau uliyoyataja, na kama ripoti ya mthamini itakubaliana nami, ningeitangaza kwa milioni 225, nikitarajia mnunuzi aombe kupunguziwa, na nikiwa nimeshaelewana na mzee, kwa maandishi, kwamba chini ya kiasi fulani, tuseme 208, sipigi hata simu. Kushusha milioni tano tano kila mwezi kunamchosha mzee, na wanunuzi wanaofuatilia hujifunza kusubiri mwezi unaofuata.

Bei mpya ikishakubaliwa, wa kwanza kuambiwa wawe wale waliowahi kufika. Yule wa 190 mpigie kabla hujatangaza popote. Mwambie mwenye nyumba amepitia upya bei baada ya uthamini, basi. Usithubutu kusema kwamba mzee ana shida, anasafiri, au anauza kwa haraka. Kila neno la namna hiyo linakatwa kwenye dau linalofuata, na fedha inayokatwa ni ya mzee. Wala usimletee mnunuzi wa kupanga, rafiki yako atakayejifanya kuweka dau dogo ili mzee akate tamaa. Najua inafanyika. Ni wizi wa imani ya mtu aliyekukabidhi kazi ya maisha yake, na ikijulikana, Goba yote itakujua.

Na kama baada ya yote haya mzee atasema hapana, ikubali. Ana haki ya kutouza. Muulize kama wangependa kuipangisha kwa mwaka mmoja huku kodi ikiwasaidia Tanga, au kuiondoa sokoni kwa muda ili isiendelee kuchakaa machoni pa wanunuzi. Mwachie nakala ya daftari na ripoti. Akiamua kukupa kazi dalali mwingine anayemwahidi 300, mtakie heri na umwachie namba yako, wapo wanaorudi.

Swali lako la mwisho ni kama upunguze asilimia yako. Usianze nalo. Ukiliweka mezani mwanzoni, mazungumzo yanageuka kuwa ya fedha yako badala ya fedha yake, na mzee atahitimisha kwamba ukishusha chako naye ashushe chake, jambo ambalo halina uhusiano wowote na thamani ya nyumba. Lakini siku mnunuzi yuko mezani na wakili ameshafungua faili, pengo limebaki milioni mbili, na mzee amefika mwisho wake, hapo unaweza kuchangia sehemu ya pengo kutoka kwenye asilimia yako, kwa hiari yako, na iandikwe kwenye makubaliano yenu ili asije mtu baadaye akasema mlipatana vingine.